Mayai Yenye Alama Nyekundu

Mgeni aliingia Mwaya akiwa amekaa katikati ya vyungu, magoti yamegusa kidevu, huku kuku mmoja akimtazama kwa jicho la ubavuni kutoka ndani ya tenga. Alikuwa ametembea siku nne kutoka Ukinga, akateremka milima mpaka Ikombe, na pale akaambiwa kwamba njia ya miguu imekwisha, mbele ni ziwa. Anayetaka kuendelea apande mtumbwi pamoja na vyungu. Mtu huyu alijua Kiswahili cha pwani, Kiganda, Kinyanja na Kiingereza cha kusomea, na nchi alizokwisha kulala zilikuwa nyingi kuliko mashati yake. Lakini chungu cha namna ile, kipana, kifupi, kisicho na shingo wala mfuniko, kinene chini kama kiatu cha askari, hakuwahi kukiona.

"Hiki kinapikiwa nini?" aliuliza.

"Hakipikiwi," akajibu mwanamke aliyekaa mbele yake, bila kugeuka. "Ni cha kulalia."

"Nani analala humu?"

"Si wewe. Wewe hutoshi."

Wapiga kasia wawili wakacheka mpaka mtumbwi ukayumba, na mgeni akashika kingo kwa mikono miwili, wakazidi kucheka.

Mwanamke huyo aliitwa Atuganile. Alikuwa Mkisi wa Ikombe, mwenye umri wa miaka arobaini hivi, na mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwikoni kwa udongo wa rangi ambao wanawake wa kwao huupaka kwenye vyombo kabla ya kuvichoma. Alikuwa ameolewa Mwaya miaka ishirini iliyopita na Mika, mtoto wa Mzee Yotamu, na alikuwa anarudi kwa mumewe baada ya kukaa siku sita kwa mama yake akifinyanga vyungu hivyo vinne. Kwenye ubavu wa kila chungu alichora alama yake: mistari miwili iliyopinda kama nyoka anayeogelea, na nukta moja kati yake. Pwani nzima ile, kutoka Ikombe mpaka Bujonde, hakuna jiko lililokosa chombo chenye alama hiyo.

Mtumbwi ulipogusa mchanga, Atuganile alitazama ufukweni mara moja tu, akajifunika kanga usoni, akaruka majini upande wa nyuma, akakata kona kupitia mashamba ya mpunga huku amejiinamia.

"Ameona nyoka?" mgeni aliuliza.

"Ameona mkwe," akasema mpiga kasia.

Pale mchangani alikuwa amesimama mzee mrefu aliyevaa kaptula ya kaki na kofia ya jua, na yeye pia alikuwa ametazama pembeni, kwa adabu ileile. Huyo ndiye Mzee Yotamu. Alikuwa Mkristo, alikuwa mzee wa kanisa, aliimba besi kila Jumapili. Lakini ukwe kwa Wanyakyusa haukuingia maji ya ubatizo. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hatamki jina lake, hapiti njia aliyomo. Miaka ishirini walikuwa wamekaa katika boma moja la migomba, na Atuganile alimjua mkwewe kwa kikohozi chake na kwa nyayo zake tu.

Yaliyokuwa lazima yasemwe kati yao yalisemwa na Neli.

Neli alikuwa dada wa Mika. Mumewe alikwenda kwenye migodi ya kusini na hakurudi, naye akarudi kwa baba yake. Tangu siku ya kwanza ya ndoa ya Atuganile yeye ndiye aliyekuwa mdomo wake. Mwaka ule wa kwanza bibi arusi aliunguza maharage ya wageni wa kanisa, na mzee akauliza kwa hasira nani aliyekuwa jikoni. Neli alitoka nje, akapiga goti, akasema, "Ni mimi, baba." Akagombezwa yeye. Kisha akarudi jikoni, wakashikana mabega wakicheka kimyakimya, moshi ukiwatoa machozi. Wakati mwingine Atuganile alifikiri kwamba hakuolewa na Mika. Aliolewa na Neli.

*

Vile vyungu vilikuwa na sababu.

Ilikuwa mwaka 1952, Mwingereza bado yuko Tanganyika, na serikali ilikuwa imeleta Mwaya kuku kumi na wawili weupe pee, wa Kizungu, pamoja na majogoo wawili, ili wazaliane na kila nyumba ipate uzao wao. Mzee Yotamu ndiye aliyechaguliwa kuwatunza. Bwana mifugo alimwambia maneno mawili tu: awafungie, na awalishe vizuri.

Sasa, kwa mtu wa Kyela, kumlisha mgeni vizuri maana yake ni moja. Mzee aliamuru mpunga wa kuku utwangwe mara mbili, upepetwe mpaka pumba zote zitoke, mchele uoshwe, ukaushwe juani, ndipo wapewe. Hakutaka wageni wa serikali wachakure vumbi na kudonoa wadudu kama kuku wa mtu yeyote. Aliwazungushia wavu wa waya na akaweka maji kwenye bakuli la kauri. Pumba zilimwagwa nyuma ya jiko, na waliozila ni kuku wa Atuganile, wale wa kienyeji, wekundu na madoadoa, waliozoea kula kila kitu: pumba, mchicha wa porini, vichwa vya dagaa wa usipa, na kungu, wale wadudu wa ziwa wanaopanda juu ya maji kama moshi na kuangukia pwani kwa malaki.

Kuku weupe walitaga sana. Ila walikuwa hawajui kulalia. Wakitaga, wanaondoka, kama mtu aliyeshusha mzigo. Kwa hiyo mayai yalipelekwa kwa Atuganile, kwa kuwa hakuna aliyemshinda kwa kutotoa. Yeye alikuwa na matetea yake yenye subira, na alijua kuweka mchanga kidogo na majani makavu ndani ya chungu ili joto lisikimbie.

Mara ya kwanza siku ishirini na moja zilipita, zikapita na mbili za ziada, na hakuna gamba lililopasuka. Mara ya pili vilevile. Atuganile alivunja mayai yale moja moja kwenye kigae, akitazamia uvundo wa mayai viza. Lakini vifaranga walikuwamo. Walikuwa na midomo, kucha, na macho chini ya ngozi nyembamba. Walikuwa wameumbwa wakaachwa. Miguu ilikuwa mifupi, shingo zimevimba maji, na manyoya hayakufunguka. Kila unyoya ulikuwa umejikunja ndani ya ala yake, mafundo mafundo, kama uzi uliolowa ukasokotwa na mtu mwenye hasira.

Alikadiria umri wao kwa macho. Hawakufa siku ya ishirini. Walikufa njiani, siku ya kumi na nne hivi.

Watu hawakuuliza siku. Walisema ni mkono. Mkono wa Mkisi, mkono unaoshinda kwenye udongo wa baridi, unawezaje kugusa yai likapona? Na Mzee Yotamu akamtuma Neli na ujumbe mfupi: mayai yakilaliwa mara ya tatu bila kuanguliwa, mke wa Mika aende Ikombe akapumzike kwa mama yake. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa neno kupumzika. Wanawake waliokwenda kupumzika hawakurudi. Walikuja watu wa kuchukua mikeka yao.

Ndiyo maana alikwenda Ikombe na kurudi na vyungu vipya, vinene zaidi chini. Alidhani kosa liko kwenye vyungu.

*

Mgeni alikuwa amekusudia kukaa Mwaya siku mbili akingoja meli ya kwenda kusini. Homa ikamshika. Mzee Yotamu akampa chumba chenye dirisha, na alipopata nafuu akampa wali, samaki na mazungumzo, na meli ya kwanza ikapita bila yeye, na ya pili. Kwa kuwa hakuwa mtu wa ukoo wowote, aliweza kukaa popote. Asubuhi alikaa barazani na mzee. Mchana alikaa nyuma ya jiko na Atuganile na Neli, akiwaandikia barua na kuwauliza maswali.

"Huyu ana maswali kama mtoto aliyeachishwa ziwa," Neli alisema kwa Kinyakyusa.

"Nimeelewa hilo," akasema mgeni. Hakuwa ameelewa, ila aliona namna walivyocheka.

Yeye ndiye aliyekuwapo siku Atuganile alipovunja mayai mawili mabichi kwenye bakuli mbili nyeupe. Moja la kuku wake, moja la kuku wa waya. Alitaka kupika. Akasimama na gamba mkononi.

"Wifi, njoo utazame. Usitazame kiini. Tazama ute."

Neli akainama. "Ute ni ute."

"Zungusha bakuli kwenye jua."

Ute wa yai la kienyeji ulikuwa na rangi hafifu sana, kijani kilichochanganyika na manjano, kama maji ya mpunga wakati mche unachipua. Ule wa yai la kuku mweupe ulikuwa safi kama maji ya kuoshea mchele. Haukuwa na rangi hata kidogo.

"Huu umeoshwa," Atuganile alisema polepole. "Huyu mama ameoshewa chakula chake, naye akatia ndani ya yai maji matupu."

"Yai limejaa, wifi. Kiini hiki hapa."

"Limejaa, lakini halina kila kitu. Sikiliza. Kifaranga akishafungiwa humo hana pa kutokea kuomba chumvi. Ametiwa mtumbwini na posho yake, mlango ukafungwa. Kama mama alisahau kitu kimoja, anapiga kasia vizuri tu, siku ya kwanza, ya tano, ya kumi, mpaka afike mahali anapokihitaji. Wakati wa manyoya. Anatia mkono kwenye kikapu, hakuna." Aliweka gamba chini. "Anafia hapo."

Mgeni aliandika kitu kwenye kijitabu chake. Neli alitazama wavu wa waya upande wa pili wa migomba, ambako baba yake alikuwa anawamwagia kuku mchele kwa mkono wake mwenyewe, punje kwa punje, akiwaita kwa sauti ya upole ambayo watoto wake hawakuwahi kuisikia.

"Nani atamwambia kwamba anawaua kwa heshima?" Neli alisema.

"Asiambiwe bado. Tuone kwanza."

Walipanga wao wawili. Kuku watatu weupe wakafungwa uzi mguuni. Kila mchana, mzee akilala, Neli aliingia ndani ya waya na kuwapa wale watatu tu mchicha uliokatwakatwa, vichwa vya usipa na kipande cha mkate wa kungu, ule mweusi wenye mafuta. Mwanzoni waliukataa. Siku ya tatu walimkimbilia. Siku ya kumi Atuganile alivunja yai la mmoja wao kwenye bakuli nyeupe, akalizungusha juani, na ile rangi ilikuwapo. Walishikana mikono, wakaruka kama wasichana wanaocheza, mpaka Atuganile akakumbuka umri wake na kukaa chini.

Kisha akachagua mayai. Sita ya kuku wake hakuyatia alama. Tisa ya kuku wa mchele mtupu aliyapiga mstari wa mkaa. Tisa ya wale wa uzi aliyachora kwa udongo mwekundu wa kwao, mistari miwili ya nyoka na nukta kati, kwa sababu kidole kilichozoea kuchora alama hiyo miaka ishirini na mitano hakikujua kuchora nyingine. Akayachanganya chini ya matetea wawili kwenye vyungu vipya. Joto moja, mchanga mmoja, mkono mmoja.

"Kama ni mkono," alisema, "wafe wote."

Siku ya kumi na nne alikaa kwenye mlango wa jiko, ambapo mwanga ulipenya kwenye tundu la paa, akalishika kila yai ndani ya ngumi na kulitazama kwa jicho moja. Alimwita mgeni naye atazame. Katika yai lenye alama nyekundu mgeni aliona giza lenye mishipa, na giza hilo likajitingisha, akashtuka nusura aliangushe. Katika lile la mkaa giza lilikuwa limetulia.

"Umeona?" Atuganile aliuliza.

"Nimeona."

"Basi wewe ni shahidi."

Siku ya ishirini na moja walitoka sita wa kienyeji na wanane wa alama nyekundu, wamelowa, kisha wakakauka wakawa manyoya laini, kila unyoya umefunguka. Wa mkaa hakutoka hata mmoja.

Atuganile alikusanya magamba mekundu kwenye ungo, akamkabidhi Neli.

"Bwana mifugo anakuja kesho. Mwambie yote, mbele ya mkubwa wa nyumba. Lakini usimwaibishe. Sema kuku hawa ni wageni, hawajazoea heshima yetu. Na sema ni mimi niliyeona, wifi. Sitaki zawadi. Nataka wajue si mkono."

"Umewahi kunituma nikapotea?" Neli alisema, akachukua ungo.

*

Bwana mifugo, Hezroni, alikuja asubuhi kwa baiskeli, suruali imebanwa kwa pini za kuanikia nguo. Alikuwa Mnyakyusa kijana wa milimani, amesomea kazi yake, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Barazani walikaa yeye, Mzee Yotamu, Mika, wazee wanne wa kanisa na wake zao, na mgeni. Atuganile alikaa nyuma ya ua wa matete, hatua sita kutoka hapo, akaweka mara sikio, mara jicho kwenye upenyo. Hakuna aliyemtazama na kila mtu alijua yuko hapo.

Vifaranga weupe walitolewa kwenye tenga. Wazee wakapiga makofi. "Ndaga, ndaga fijo," wakashukuru. Neli akaweka ungo wa magamba chini, akapiga goti, akaanza. Alisema vizuri. Alisema habari ya ute na bakuli nyeupe, na kuzungusha kwenye jua. Alisema posho na mtumbwi, na mkono unaotiwa kwenye kikapu ukakuta hakuna. Atuganile nyuma ya matete alitikisa kichwa kwa furaha, akisikia maneno yake yakitembea barazani yamevaa nguo safi.

Hezroni alikuwa ameinuka kwenye kiti.

"Mama, unajua ulichosema? Mimi nimefundishwa hicho darasani. Iko vitamini, wanaiita B ya pili, na yenyewe ndiyo yenye rangi hiyo ya kijani na manjano. Kuku akiila, mwili wake unaibeba na kuiweka kwenye kiini na kwenye ute, akiba ya mtoto. Kifaranga hawezi kujitengenezea. Anaitumia kidogo kidogo kuchoma chakula chake na kujenga mwili, na wiki ya pili mahitaji yanapanda. Ikiwa akiba ni ndogo, hapo ndipo anapokwama, na manyoya yanakuwa mafundo. Vitabu vinasema hivyohivyo. Nani aliyeliona hili?"

"Ni mimi, baba," Neli alisema. Alimwambia hivyo Hezroni, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi.

"Na alama hizi nyekundu kwenye magamba? Umezichora wewe?"

"Ni mimi."

Atuganile alingoja Neli acheke, aseme ni mzaha. Alingoja mmoja wa wale wake wa wazee aseme neno, kwa kuwa kila mmoja wao asubuhi ile alikuwa ameteka maji kwa mtungi wenye alama hiyohiyo. Wake wa wazee walitazama vidole vya miguu yao. Mika alitazama paa. Mgeni alikuwa na sahani ya wali mapajani, aliyopewa na mwenye nyumba, na alikuwa anatafuna.

"Sasa yale ya kwanza," Hezroni aliuliza, akigeuza ukurasa. "Mara mbili yamekufa. Chakula kilikuwaje wakati huo, mzee?"

Mzee Yotamu alifungua mdomo. Neli akamtangulia.

"Chakula kilikuwa kizuri, baba alifuata agizo. Mayai yale yalilaliwa kwa mke wa Mika. Ni mfinyanzi. Mkono wake una baridi."

Kalamu ikaandika. Atuganile aliisikia, au alidhani anaisikia. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika mti wa lango la ua. Ilibidi asukume tu. Hatua sita. Lakini nyuma ya lango alikuwako mkwe, ameketi uso upande huu, na miguu ya Atuganile, iliyofunzwa miaka ishirini kukimbia uso huo, ilikataa kwenda. Alibaki ameshika mti. Akamsikia Hezroni akisema kwamba Tukuyu yataanza mafunzo ya ufugaji, na kwamba nafasi ya mwanamke mmoja wa Mwaya imempata mwenyewe, ndiye Neli.

*

Adhuhuri Neli alikuja jikoni. Hakukaa.

"Angeulizwa baba habari ya mchele," alisema. "Mbele ya watu wote. Wangemnyang'anya kuku. Umeona anavyowaita?"

"Ungesema ni mimi niliyeona. Mchele ungeuacha."

"Lingetoka moja, lingetoka na lingine." Neli alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga. "Na kule Tukuyu, wifi. Mimi nitakaa hapa mpaka lini, binti wa miaka arobaini kwa baba yake? Miaka ishirini nimekuwa mdomo wako. Siku moja mdomo umesema la kwake."

"Ungeniomba ningekupa."

Neli alitazama pembeni. Hilo hakuwa amelifikiria, na ilionekana kwamba lilimuuma kuliko kama angetukanwa.

Baada yake alikuja Mika. Alisimama mlangoni akikuna ukuta.

"Mama Angetile, maneno ni maneno tu. Kuku wamepona."

"Na mimi je?"

"Bwana mifugo ameandika. Baba anaona, kwa kuwa imeandikwa, uende Ikombe kidogo upumzike. Halafu tutaona." Akakohoa. "Amesema vile vyungu vibaki. Vinafaa."

Kwanza alitaka kucheka. Vyungu vibaki. Mkono uondoke, vyungu vibaki. Aliwaza binti yao Angetile, aliyeolewa Bujonde, na alivyomfundisha kujificha mkwewe, kuinama, kukata kona, akimwambia kwamba heshima hiyo italipwa.

"Wewe uliniona nikichora mayai yale," alisema. "Ulikuwa umesimama hapohapo ulipo."

Mika hakubisha. Afadhali angebisha.

Akafunga mkeka wake. Akamtia tetea wake mzee kwenye tenga, akabeba jembe lake na kinyungu cha mama yake. Mtumbwi wa Ikombe ulikuwa unaondoka kabla ya upepo wa alasiri. Njia ya wake wa boma lile ilizunguka nyuma, kupitia matopeni na mashamba ya mpunga. Atuganile alisimama pale njia zinapogawanyika, akashusha kanga kutoka kichwani mpaka mabegani, akapita katikati ya uwanja.

Mzee Yotamu alikuwa kwenye waya, na kikapu mkononi. Ndani ya kikapu hamkuwa na mchele. Mlikuwa na mchicha. Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini wakatazamana. Alikuwa na uso mdogo kuliko alivyoufikiria kutokana na kikohozi chake. Kisha mzee mzima yule, mwimba besi, akageuka na kukimbilia nyuma ya banda la kuku, akajibanza, kofia ikichomoza pembeni.

"Baba Yotamu," Atuganile alisema, na jina lile lilikuwa zito mdomoni kama jiwe. "Alama nyekundu ni yangu."

Kuku walichakura. Nyuma ya banda kikohozi kilitoka mara mbili.

"Mwambieni," sauti ikasema, ikiwaambia watu ambao hawakuwapo, "mwambieni nilijua tangu nilipoona magamba."

Atuganile aliweka mkeka sawa begani. Basi wote walijua. Alikuwa amedhani kwamba habari yake ilipotea njiani kwa sababu mjumbe mmoja aliiba mzigo, kumbe mzigo ulifika salama, ukafunguliwa, ukaonekana una jina la nani, na ukafungwa tena kwa pamoja.

Ufukweni mgeni alikuwa amesimama bila viatu. Alikuwa amekuja mbio, kijitabu mkononi.

"Mama Atuganile. Nilitaka kusema pale. Nilifikiri, mimi ni mgeni tu, nimelala kwake, nimeugulia kwake..."

"Niliona. Mdomo ulikuwa umejaa wali."

"Nimeandika yote humu. Kwa jina lako."

"Nani anasoma humo?"

Mgeni akafunga kijitabu. Alimsaidia kupandisha tenga, na tetea akamtazama kwa jicho lilelile la ubavuni. Safari hii hapakuwa na vyungu, mtumbwi ulielea juu, na nafasi aliyokaa mgeni siku ile ilikuwa wazi. Wapiga kasia wakamwangalia kama anapanda. Atuganile alitumbukiza mikono yake majini na kuisugua kwa mchanga, kiganja, vidole, viwiko, na maji pembeni ya mtumbwi yakawa mekundu kwa muda mfupi.

"Meli yako ni lini?" alimuuliza.

"Alhamisi."

"Basi utakula vizuri mpaka Alhamisi."

Wakasukuma. Mgeni alibaki amesimama, maji yakimfika kwenye vifundo, akiwatazama wakipita mdomo wa mto, wakipita matete, wakielekea upande wa milima. Atuganile hakugeuka kumtazama. Nyuma ya mgeni, kutoka bomani, Neli alikuwa anaita kwa sauti nzuri iliyozoea kupeleka maneno mbali.

"Mgeni! Wali unapoa!"

Aliita mara ya pili ndipo mgeni akaenda.